Tarehe Uliyoniuliza

Nkoaranga, Meru
9 Agosti 1955

Mama Tabea,

Nakusalimu, na umfikishie mama shikamoo yangu. Hapa kahawa imeanza kuiva, na upepo wa juzi umeangusha migomba miwili. Wachapishaji wa Nairobi wamejibu: kitabu changu wamekikubali.

Siku ulipoondoka na mtoto kwenda kwenu Machame, ulisimama mlangoni ukasema, "Baba Tabea, sitaki ahadi. Fungua hiyo shajara yako, unitafutie siku ya mwisho uliyocheza na mwanao. Ikiwa ni ya mwaka huu, nitarudi."

Nikacheka. "Hiyo tu?"

Nimeisoma kuanzia Januari hadi leo. Kila siku ina idadi ya kurasa nilizoandika na saa nilizoketi mezani. Mara nyingi nimeongeza, "Tabea ameniita tucheze bao. Nimemwambia kesho."

Siku yenyewe nimeipata katika shajara ya mwaka jana, tarehe 16 Oktoba: "Nimepoteza saa nzima uani kwa bao na Tabea. Sura ya tano haikusogea."

Kubuni ndiyo kazi yangu, Eunike, na tarehe moja ya mwaka huu isingenishinda. Lakini umeuliza wewe, nami nakupa iliyoandikwa.

Siku hiyo tulichimba mashimo karibu na jiko, buni zikawa kete zetu. Alinifunga mara mbili, akanicheka, "Baba, andika na hilo!"

Sikuliandika.

Mumeo,
Yoeli