Mwanafunzi Wangu Amesema Hapana, na Mimi Nimefurahi

Mama mshauri, nisaidie kabla ya Ijumaa ijayo, maana nina furaha na hofu pamoja na sijui nifuate kipi. Ninafundisha Kiingereza darasa la kwanza, huu mwaka wa tisa, na kila jioni huandika siku yangu kwenye daftari pamoja na tarehe. Tarehe 3 nilipita uwanjani wakati wa mapumziko nikakuta wanafunzi wangu wanacheza shule, mmoja kajifanya mimi, anafoka kwa Kiingereza, "Kaa chini! Nyamaza! Leta daftari!" na wenzake wametulia kama magunia, kwa sababu katika mchezo ule mwanafunzi hakuwa na neno hata moja la kusema. Niliona aibu. Kesho yake nikahesabu niliyoyasema kipindi kizima: amri arobaini na saba, maswali ambayo majibu yake ninayo, kumi na tisa, sifa mbili, kuomba radhi sifuri, kuuliza kitu nisichokijua sifuri.

Basi nikabadilika. Tarehe 7 nilimwomba mtoto radhi kwa Kiingereza kwa kumsingizia kelele, na siku mbili nzima darasa likawa linaombana radhi, hata mmoja akamkanyaga mwenzake makusudi ili apate sababu! Tarehe 10 nikawauliza nani kaona chaki zangu, na kweli sikujua zilipo, wakasimama wote kunielekeza. Halafu tarehe 17, msichana tunayemwita Kimya, ambaye tangu shule zifunguliwe hajatamka neno darasani, nilimwambia afute ubao, akanitazama akasema kwa Kiingereza, sentensi nzima, "Hapana, ticha, sijamaliza kuchora." Nusura niruke! Kumbe mwalimu mkuu yuko dirishani.

"Mtoto anakukatalia, na wewe unacheka?"

"Mkuu, ameongea!"

"Ameongea jeuri. Ijumaa ijayo wazazi wanakuja kuangalia kipindi. Mwambie asirudie. Nikisikia hapana moja tu, muhula ujao unahamia darasa la saba."

Nikimwambia, naogopa hatafungua mdomo tena. Nisipomwambia, nitawapoteza wote ishirini na nane. Nifanyeje?

Mwalimu wa Darasa la Kwanza

*

Mwalimu, dada yangu, hongera! Barua yako nimeisoma nimesimama. Sasa kaa nikugombeze kidogo.

Wiki mbili unaandika na kuhesabu, halafu daftari unalifungia kwenye droo. Mkuu wako atajuaje? Yeye kafika dirishani mwisho wa hadithi, kasikia hapana tu. Kesho, kabla ya kengele, mpelekee asome tangu tarehe 3. Usimpelekee machozi, mpelekee tarehe.

Kosa la pili: ulifurahia hapana ya mtoto, ukasahau kumpa na adabu yake. Kukataa ni kazi ya lugha kama kuomba na kushukuru, na hufundishwa. Jumatano lifundishe darasa zima, si yeye peke yake, asije akaona kaadhibiwa: "Samahani, ticha, naomba nimalize kwanza." Mmoja wao awe mwalimu, akuamrishe, nawe ukatae kwa upole mbele yao. Watacheka mpaka wachoke, lakini watakuwa wameshika.

Kumwambia asirudie? Thubutu! Mtoto kakaa na maneno kifuani miezi yote hiyo, kayatoa kwako, halafu wewe ndiye wa kumrudishia? Kama ni kuhama, hama, lakini usihame umemfunga mdomo.

Ijumaa, wazazi wakishaketi, nenda kwenye dawati lake umuulize anachora nini. Wewe hujui, kwa hiyo litakuwa swali la kweli. Kisha nyamaza. Usimsaidie, usimjibie, usigeuke kumtazama mkuu. Hesabu kumi kimoyomoyo, ikibidi hesabu ishirini. Msubiri.