Pasi ya Mwisho

Kwako mdogo wangu mwenye koo la asali,

Sisi wazima, ila goti langu limeninunia. Wimbo wetu ulifika kwa fundi wa mastaringi, yule anayeunyoosha wimbo uliokwisha rekodiwa ili usikike sawa na wenzake. Nilimfuata mwenyewe. Shemeji yako, huyu niliyemuoa mimi, tangu asikie sauti yako ananiita kwa jina lako, wakati gitaa nimepiga mimi mpaka kucha zikaisha!

Nikamwambia fundi, "Huyo mwimbaji mpunguze kidogo, anapiga kelele."

Akacheka. "Mzee, mimi napiga pasi shati lililokwisha shonwa. Siwezi kung'oa mkono mmoja. Nikimshusha yeye, na gitaa lako linashuka."

"Basi shusha vyote!"

Akashusha. Kati ya nyimbo kumi za ile albamu, wetu unasikika kama mbu ndani ya chupa. Nikarudi nyumbani nikichekelea.

Leo nimemkuta shemeji yako ameinama, shavu kalibandika kwenye spika, macho kafumba. Nimekohoa mara tatu, hakunisikia.

Mwaka huu usije kututembelea. Nyumba ina kunguni.

Ni mimi kaka yako, niliyepiga gitaa.