Sitaacha Usukani, Dada

Bagara, Babati
19 Julai, 1984

Dada yangu Mektilda,

Shikamoo. Natumaini unaisoma barua hii ukiwa mzima, na kwamba lile goti limekubali tena kupanda kilima cha kanisani bila kukusimamisha njiani. Shemeji na wajukuu nawasalimu wote. Sisi huku hatujambo kwa kadiri ya mwaka wenyewe. Sabuni tunaisikia redioni, na chai tunainywa bila sukari, tukishushia kiazi kitamu. Mungu ni mwema, hatujalala njaa.

Sasa tuje kwenye barua yako. Imefika Jumanne, na kwa bahati mbaya wifi yako Natalia aliifungua kabla yangu. Basi imekuwa balaa! Kwa vile umeandika kwamba nesi Domitila, mwenzako wa jumuiya, amekuta jina langu kwenye daftari la hospitali, na kwamba daktari ameona moyo wangu umetanuka na presha imepanda kupita kiasi, mke wangu amegeuka polisi. Funguo za gari langu, ile Pijo, amezifunga kwenye pindo la kanga na anatembea nazo mpaka jikoni. Chumvi ameniondolea kwenye mboga, chumvi ambayo tuliipangia foleni asubuhi nzima! Jana nimemsikia akimwomba jirani asinipe habari za kushtua. Mimi huyu, fundi, ambaye mwezi uliopita nilishusha gia boksi ya lori kwa mikono yangu!

Wewe nawe umeandika kwamba ni aibu mzee mwenye wajukuu kukimbiza gari kama kijana mlevi, na kwamba unaniamuru niache. Dada, umenilea, umenibeba mgongoni, na viboko vyako bado navikumbuka. Lakini hili hapana. Sitaacha. Kwa mwaka mzima nalala chini ya magari ya watu wengine, nafunga spea kuukuu kwa waya kwa sababu mpya hazipatikani, na nani amewahi kuniuliza kama kifua kinauma? Siku moja tu kwa mwaka nakaa mwenyewe kwenye usukani, vumbi la Singe linabaki nyuma, watoto wa Mutuka wanapiga kelele barabarani, na mimi najiona mtu. Siku hiyo hainyang'anywi na nesi, wala na mke, wala na wewe. Usikasirike, ndivyo nilivyo.

Umeniuliza pia nilifuata nini hospitali kama si mgonjwa. Nitakueleza. Mwaka jana, katika mashindano yetu ya magari, mzee mmoja wa Moshi alizimia akiwa kwenye mwendo, gari likaishia katikati ya shamba la mahindi. Alipona, lakini chama chetu kikatoa amri kwamba kila dereva aliyepita miaka hamsini alete cheti cha daktari kwamba moyo wake umepimwa, tena kwa ile mashine inayochora mapigo kwenye karatasi. Bila cheti, huondoki. Mashindano ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Hapo ndipo niseme jambo ambalo sijamwambia hata Natalia. Dada, kaa chini kwanza.

Moyo uliopimwa si wangu. Nilimtuma Halidi.

Halidi unamjua, yule mwenye duka karibu na soko. Huu ni mwaka wa kumi na moja ananisomea ramani, mimi nashika usukani, yeye ananitajia kona. Ana miaka arobaini na sita, hajawahi hata kukohoa mbele yangu. Nilimwomba aingie kwa jina langu, akakataa, nikambembeleza, mwisho akacheka akakubali. Nesi wako hajawahi kuniona, angejuaje? Wakaita Teodori, Halidi akaitika. Mimi nikabaki nje kwenye gari kama mwizi. Alipotoka alinipiga bega, akasema moyo wangu ni wa ndama na kwamba cheti atakikabidhi mwenyewe kwa katibu. Nikamwamini, tukarudi tukiimba.

Kwa hiyo nilipoisoma barua yako nilicheka kwanza. Kisha nikakumbuka kwamba kifua kilichopimwa ni cha Halidi.

Nilikwenda dukani kwake kwa miguu. Alianza kwa utani, akasema ugonjwa umeandikwa Teodori, yeye haumhusu. Nilimkaba shati, Mungu anisamehe. Ndipo akakaa juu ya kreti tupu akaniambia yote. Tangu Pasaka, akipanda ngazi mbili tu za duka anahema. Vidonge alivyopewa amevificha nyuma ya mizani, hajameza hata kimoja, kwa sababu mkewe angeuliza ni vya nini. Akaniambia kwamba mwaka huu kila kitu ni foleni, na mashindano haya ndiyo kitu pekee kinachokwenda mbio, basi tukimbie kwanza, hospitali baadaye. Nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua, na kwamba hatakanyaga gari langu siku ya mashindano hata akinilipa kwa ng'ombe. Akasema basi mwaka huu umetupita. Nikasema na utupite.

Nimeshamwandikia katibu kwamba tumejitoa. Petroli tuliyoidunduliza kwa ajili ya mbio, kesho alfajiri itatupeleka hospitali. Natalia nitamwambia leo jioni, atoe funguo mwenyewe. Halidi amekubali kwa sharti moja tu, kwamba mimi nitangulie kulala kwenye kile kitanda cha kupimia, kwa jina langu, nivue shati langu.

Unakumbuka baba alivyoanguka shambani na jembe mkononi. Ulikuwa umeolewa tayari, mimi ndiye niliyekuwa kwenye tuta la pili, karibu naye. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Mimi nimeifikisha mwezi Machi. Basi sasa unajua kwa nini nilimtuma mtu. Si ujanja, Dada. Niliogopa, na kwa woga wangu nikamfanya rafiki yangu ajue peke yake kwamba anaumwa, tena kwa jina lisilo lake, asiwe na wa kumwambia.

Basi tuombeeni, Halidi kwanza. Msalimie Padre, na Domitila mwambie afunge mdomo, ingawa safari hii kwa umbea wake namshukuru. Kesho nakwenda kupimwa. Lakini usije ukatangaza jumuiya nzima kwamba umenishinda: sijaacha usukani, ninamwendesha Halidi.

Ni mimi mdogo wako mkaidi,

Teodori