Baba Nekesa, Kwa Nini Ulikataa Daktari?

Baba Nekesa,

Nimekukasirikia, na leo utanisikiliza. Ulipokuwa hai ulininyamazisha kwa aya.

Wewe, fundi wa injini za reli, ulikufa kwa homa ya mapafu humu ndani ya landhi, nyumba hizi za wafanyakazi wa reli, na hospitali ya Nakuru si mbali. Nilikubembeleza hadi sauti ikakauka. Ukasema, "Mama Nekesa, nikienda kwa daktari nitakuwa nimemwambia Mungu hatoshi." Ni mhubiri wa kikundi chenu cha maombi aliyekutia hayo. Kaburini akatangaza kwamba umeshinda. Umeshinda nini? Nekesa alikuwa akinivuta leso, akiuliza utaamka lini.

Basi mvua hizi zimempiga Nekesa naye kifua. Akaanza kuhema kama wewe, mbavu zikiingia ndani. Mhubiri akaja na kina mama wa kikundi. Niliwakaribisha, tukaomba, nami niliomba kwa moyo wangu wote. Waliposema amina, nikamfunga mtoto mgongoni.

"Unaenda wapi, mama?"

"Hospitali."

Mhubiri akasimama mlangoni. "Unamfundisha mtoto kumshuku Mungu."

"Baba yake ulimzika. Huyu hutamzika. Nipishe."

Akanipisha.

Njia nzima nililia kwa hasira. Hasira juu yako wewe! Kule karakana injini ikivuja, uliomba, ndiyo, kisha ukashika spana. Hukuwahi kusema spana inamtukana Mungu. Mbona mwili alioumba Yeye mwenyewe uliunyima hata huduma uliyoipa chuma?

Dresa, msaidizi wa daktari aliyempokea Nekesa, aliinamisha kichwa kidogo, midomo ikacheza kwa sala, ndipo akachukua sindano. Nilimtazama. Kumbe yote mawili yanakaa katika mtu mmoja. Hata wewe ungeweza.

Nekesa yu hai. Jana alimaliza ugali wake akamnyang'anya mdogo wake.

Kanisa sijaacha. Ila siku hizi, kabla ya kuomba kitu kingine chochote, naomba busara. Imani ulikuwa nayo tele, mume wangu, na mimi ni mjane.

Kusamehe bado. Namwomba Mungu anisaidie, na siku nyingine hata kuomba huko sitaki. Lakini nakuahidi: wanao watajua kupiga magoti, na watajua pia kuinuka wakaenda.

Lala salama, Baba Nekesa.

Mkeo,
Nafula