Mume Niliyemvusha Daraja

Nyumba ya Wageni,
Kijiji cha Juu.
Ijumaa, 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya mume wangu, aliyeketi hapa kando akijifanya anasoma gazeti la zamani, kumbe anachungulia ninachoandika. Goti lako linaendeleaje? Na Babu je, masikio yamefunguka, au bado mnaongea kwa kupigiana kelele? Nawawaza kila siku.

Sisi ni wazima, tena wazima wa kunenepa. Ndoa ni tamu, Shangazi. Uliniambia ni kazi, nami nakubali, lakini hukuniambia kwamba mtu anaweza kumtazama mwenzake akipiga mswaki na moyo ukajaa raha.

Huku milimani asubuhi mawingu yanakuwa chini yetu. Nyumba za kijiji ni za mawe, za tangu enzi za mababu zao, na zimepandana ubavuni mwa mlima hivi kwamba paa la jirani wa chini ndilo baraza la jirani wa juu. Mama mwenye nyumba anasema huku ukigombana na jirani unammwagia maji kichwani bila kuvaa viatu.

Sasa keti, maana nililonalo si la kusomwa ukiwa umesimama.

Unaikumbuka ile picha ya mume wangu kileleni, koti begani, mguu juu ya jiwe, theluji nyuma yake? Ndiyo niliyoiona dirishani mwa studio yake, nikaingia nikijifanya nataka picha za pasipoti. Uchumba wetu wote nilimwita Simba wa Mlima, naye akawa anatabasamu tu. Kwa hiyo fungate yetu nikachagua huku, nikamwambia hii ndiyo zawadi yako. Akasema asante, neno moja tu. Mimi nikadhani ni furaha iliyomfunga mdomo.

Jumanne kiongozi wetu wa matembezi alitupeleka kijiji cha ng'ambo ya korongo. Watu humwita Mbuzi kwa jinsi anavyoruka majabalini, wala hakasiriki. Njia inapita juu ya daraja la kamba, la mbao nyembamba, linaloyumba ukikohoa. Mbuzi akatangulia, mimi nikafuata, mume wangu nyuma yangu.

Katikati ya daraja nikageuka nimwonyeshe maporomoko ya maji. Shangazi, mtu alikuwa ameganda. Ameshika kamba kwa mikono yote miwili, macho amefumba, jasho linamtiririka katika baridi ile. Nilidhani anasali. Kisha nikadhani ni moyo, nikajiona mjane kabla hata zawadi za harusi hatujazifungua zote.

Nyuma yake walikuwa wamekwishafika wanawake wa kijiji na mizigo ya kuni. Mmoja akasema, "Bwana harusi, kama unajenga hapo tuambie mapema tupite kwingine." Wenzake wakacheka mpaka daraja likacheka nao, na mume wangu akatoa sauti kama ya kitoto.

Ndipo aliponiambia, bila kufumbua macho, "Ile picha ni pazia la studio. Mlima umechorwa. Mimi sijawahi kupanda hata darini."

Nilikuwa na maswali kumi ya kumuuliza. Lakini kuni zilikuwa zinawaelemea wale mama na ukungu ulikuwa unapanda. Nikamshika mikono, nikamwambia aangalie pua yangu tu, nikaanza kurudi kinyumenyume. Mimi, Shangazi, ninayekimbia mjusi! Miguu yangu ilitambua kila ubao kama vile nimezaliwa pale. Sijui ni yupi kati yetu aliyenishtua zaidi, yeye au mimi.

Tulipofika ng'ambo akapiga magoti kwenye majani. Sikumbembeleza. Nilikwenda kukaa mbali nikalia. Kama mlima ulikuwa kitambaa, na mapenzi je? Niliolewa na nani?

Alipokuja nikamwambia anitajie kila uongo mwingine, hapo hapo. Akafikiri sana. Akasema chai yangu ina sukari mno, pazia la waridi nililolinunua halipendi, na lile shairi refu nililomwandikia hakulimaliza. Akasema ni hayo tu. Kuhusu mlima alitaka kusema mara nyingi, lakini kila nilipomwita Simba macho yangu yaliwaka, naye akaogopa kuyazima.

Sikulainika. Tulirudi kwa njia ndefu ya bondeni, yeye na kivuli chake, mimi na changu.

Jana Mbuzi alikwenda kufundisha wageni kupanda mwamba, nasi tukafuatana naye. Huku wanapanda wawili wawili: mmoja anapanda, mwenzake anabaki chini, na kamba inayopita kwenye pete ya chuma huko juu imefungwa viunoni mwao wote wawili. Wa juu akiteleza, wa chini anajitupa nyuma na kamba inakaza. Wa chini akizubaa, habari imekwisha. Tangu darajani miguu ilikuwa inaniwasha, nikasema nitapanda. Mbuzi akaichukua kamba anishikie.

Mume wangu akasema, "Niachie mimi. Ardhini siogopi kitu."

Wote wakanitazama mimi. Mbuzi alimfundisha, akapanda mwenyewe kwanza na kujiachia makusudi mara kadhaa, kisha akasema mume wangu anaweza, ila mwenye roho yake, yaani mimi, ndiye aamue. Nikatazama mikono ile ya kushika kamera. Nikajifunga mkanda wa kupandia.

Nusu ya mwamba mguu ukateleza. Nilianguka, Shangazi. Tumbo lilibaki juu, mimi nikaenda chini. Nilisikia kamba ikikaza kiunoni, nikawa naning'inia kama nguo kambani. Nikatazama chini. Alikuwa amejitupa nyuma, visigino vimezama udongoni, uso umetulia kabisa.

"Nimekushika," akasema. "Pumzika, halafu endelea."

Nikaendelea mpaka juu. Wageni wengine wanasema kutoka pale unaona vilele vyote mpaka mwisho wa dunia. Sijui. Kila nilipochungulia chini yeye alikuwa anatazama juu, hapepesi macho, nami sikuweza kuangalia kitu kingine. Niliposhuka nikaona viganja vyake vina alama nyekundu za kamba. Nikavibusu mbele ya watu wote, Mbuzi akageuka akajifanya anahesabu mawe.

Nisalimie Babu, umpigie kelele mpaka asikie. Wasalimu Kaka mkubwa na wifi yangu, na wote nyumbani. Mungu akutunze, akupe siku nyepesi na wajukuu watundu.

Mume wangu anakusalimu tena. Ni mimi nikupendaye,
Kitindamimba wako.