Binti Aliyenyamazishwa na Sekunde Kumi na Moja

Nyumba za Walimu, Namba 6,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Habari za huko uliko? Ule mgongo umepoa? Na shemeji, na pacha, hawajambo? Sisi huku kwa mwili tu wazima. Kwa roho, dada yangu, hapana.

Usishangae kupata barua ya karatasi. Simu nimeifungia kabatini, siwezi kuitazama. Soma hii ukiwa umekaa.

Mwaka jana walituita semina. Tukaambiwa zama za mwalimu kumwaga maneno na mwanafunzi kukinga kama ndoo zimekwisha. Mwanafunzi awe katikati, afundishe wenzake. Wengi walinung'unika. Mimi unanijua, nilijitosa kichwakichwa. Madawati nikayapanga duara, nikahamia nyuma, nikafungua ukurasa wa darasa mtandaoni ili wazazi waone watoto wao wakifundishana.

Darasani mwangu yumo binti wa fundi cherehani. Ana kigugumizi kizito. Ukimwuliza swali anatazama viatu. Nilimbembeleza wiki sita, mpaka akakubali kueleza safari ya damu mwilini. Alikwama, akaanza upya, akakwama tena, lakini alisimama ubaoni dakika tisa akamaliza. Darasa lilipiga makofi hadi mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Mimi nilikuwa nyuma narekodi, machozi yananitoka. Jioni ileile nikaiweka video kwenye ukurasa. Sikumwuliza yeye wala mama yake. Nilikuwa na furaha, Dada, na furaha nayo hulewesha.

Siku mbili baadaye mtu alikuwa amekata sekunde kumi na moja, pale alipokwama kwenye neno "mapafu", akaziwekea ngoma. Ma-ma-ma-mapafu. Wiki haijaisha, watu wasiomjua walikuwa wanaichezea kwa kinyozi na dukani. Niliifuta ile ya kwangu, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Binti akaacha shule. Nyumbani akaacha kusema, hata kuitika akiitwa. Mama yake alinijia ofisini, utepe wa kupimia ungali shingoni. Hakupaza sauti.

"Mwalimu," aliniambia, "kwangu alikuwa anaongea. Kwa taabu, lakini anaongea. Wewe ulimfungua mdomo mbele za watu, na sasa hata kwangu umefungwa."



Mwalimu mkuu aliufunga ukurasa, akaniandikia barua ya kunitaka nijieleze, na madawati yakarudi kwenye mistari. Wenzangu wananipita ukumbini, kimya chao kinasema "si tulikwambia?" Hayo ningeyabeba.

Lililonivunja ni hili. Jumatano nilikuwa natafuta picha ya mtihani kwenye simu yangu, nikaikuta ile video, imekatwakatwa mara nne, majaribio. Dada, namba ya siri ya simu yangu anaijua mtu mmoja tu. Mwanangu, ambaye ni mwanao pia. Chiriku wetu, yule uliyembeba mgongoni. Yumo darasa hilohilo, na siku ile alipiga makofi kama wengine.

Nilimwita jikoni, nikamwonyesha. Alikana kidogo, kisha akaanza kulia.

"Nilimtumia rafiki mmoja tu, mama. Ilikuwa utani."

"Utani gani huo?"

"Kila tukila unamsifu yeye. Yeye, yeye, yeye. Mimi naongea kutwa nzima, hujanirekodi hata mara moja."

Nilitaka kumpiga, mkono ukakataa. Nikakaa chini sakafuni.

Leo asubuhi tulikwenda kwao. Fundi cherehani hakutupa kiti, ila hakutufukuza. Binti alikuwa kwenye kona, anafumua mshono wa sketi. Chiriku akapiga magoti, akasema yote bila kujitetea. Nami nikaomba msamaha wangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyempa kisu. Kisha midomo ya binti ikaanza kutetemeka. Mama yake akaacha kukanyaga cherehani. Neno lilichukua muda kutoka, na sikuthubutu kumsaidia.

"M-m-msi... msirudi hapa."

Mama yake akajifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anashona, akalia. Ilikuwa sauti ya kwanza ya bintiye baada ya siku kumi na tisa. Tukatoka.

Tangu turudi Chiriku hajatia kitu mdomoni. Jumatatu nitaingia naye kwa mwalimu mkuu, litakalokuwa na liwe. Baada ya hapo nina kipindi na darasa lile, na dawati moja tupu. Nikisimama mbele, nitawaambia nini? Nikikaa nyuma, nitakuwa nimejificha. Dada, mimi ni mwalimu miaka kumi na saba na sijui pa kusimama. Niandikie. Hata kama ni kunigombeza, niandikie.

Nisalimie shemeji, pacha, na mama mkwe wako. Baba anakusalimu sana. Yeye hatujamwambia, kwa sababu ya presha. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na akibakiwa na kidogo, amfikie yule binti.

Mdogo wako akupendaye, asiye na wa kumwambia ila wewe,

Mama Chiriku