Mlango wa Pembeni Usio na Bango

Mbuya, Kampala

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini goti limekuacha upumue tangu mvua zipungue, na kwamba Mama hajaanza tena kubeba maji mwenyewe. Mimi mzima, tena leo mzima kuliko wiki mbili zilizopita. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu nikikupigia simu unaweka spika, na mambo yangu yanafika kisimani kabla hatujaagana.

Kaka Idi amekuambia nimekamatwa huku kwa wizi wa kompyuta. Sikukamatwa, Baba, wala sikuiba. Nilimpigia nikiwa na hofu, nikamwambia nimeitwa ofisini na nimetishiwa polisi. Yaliyobaki ameyapika mwenyewe. Imeniuma kwamba wewe uliyaamini bila kuniuliza. Basi soma nilivyoingia na nilivyotoka.

Programu yangu unaijua. Mtu anayesubiri mzigo unaokuja kwa basi ananipa namba ya mzigo wake, na ukishuka Kampala anapata ujumbe kwenye simu. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Niliisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kampuni ya mabasi ina tovuti ambapo unaandika namba na kuambiwa mzigo uko wapi. Nyuma ya tovuti pana mahali ambapo tovuti yenyewe huuliza ili ipate jibu. Programu yangu inauliza hapo hapo moja kwa moja. Mahali hapo hapajaelezwa popote: hakuna maandishi yanayowaruhusu watu wa nje, wala yanayowakataza. Niliwaandikia kuomba ruhusa, mara tatu. Kimya.

Nikakumbuka stesheni, ulipokuwa karani wa vifurushi. Abiria walikwenda dirishani, wapagazi wakapita mlango wa pembeni usio na bango. Ulikuwa ukisema anayepita pale apige hodi, ataje jina lake na la baba yake, na achukue mzigo aliotumwa tu. Nami nikaiandika programu hivyo. Kila inapouliza hujitaja kwanza: Zainabu binti Hamisi, na namba yangu ya simu. Inauliza kila robo saa, yaani mara tisini na sita kwa siku, isiwaelemee. Na haijawahi kuulizia mzigo ambao mwenyewe hakunipa namba.

Miezi kumi na minne ikaenda vizuri. Halafu mafundi wa kampuni wakabadilisha majibu ya mfumo wao. Tarakimu iliyokuwa na maana ya "umefika" wakaipa maana ya "umepakiwa". Programu yangu haikujua. Watu thelathini na wanane wakaenda kuchukua mizigo ambayo bado ilikuwa njiani. Jirani yangu Mama Furaha, Mkongomani anayeuza vitenge Mengo, alifunga duka akaenda bure. Aliporudi akasimama mlangoni kwangu.

"Zainabu, simu yako inasema uongo kama bwana yangu wa kwanza. Lakini yeye angalau alijua kuimba."

Wengine waligombana na watu wa kaunta, kampuni ikatafuta chanzo, ikapewa namba yangu na wateja, nami nikapigiwa simu niende ofisini kwao Nakasero. Nilivaa gauni nililoshonea harusi ya mdogo wangu Salma, nikamwachia Mama Furaha ufunguo wa chumba. Kibali changu cha kukaa huku kinasimama juu ya kazi hii. Wakinishtaki, narudi kwako na jina la mwizi.

Mkurugenzi ni mzee aliyewahi kuwa jeshini, na Kiswahili chake ni cha kambini; mwanamke humwita nyabo, yaani bibie.

"Nyabo, nani ilikupa ruhusa kuingia kwa mashine yetu?"

"Niliomba, mzee. Hamkujibu."

"Kama mutu hajibu, wewe unaingia tu?"

Fundi wake mkuu akaongeza kwamba mlango ambao hawakuutangaza ni wao, wanauhamisha wakipenda, na anayeutegemea asije kulia. Na hilo ni kweli. Wale watu thelathini na wanane ni ushahidi tosha. Nikamkubalia. Ila nikamwomba asome programu yangu inavyojitaja.

Akafungua kompyuta, akasoma kwa sauti. Mzee akamwambia arudie.

"Hamisi ni nani?"

"Baba yangu."

"Na hii namba?"

"Yangu. Ipo hapo tangu siku ya kwanza."

Mzee akamgeukia fundi. "Sasa mwizi gani hii inapiga koodi na kuacha namba ya simu?" Koodi ndiyo hodi yao huku. "Na nyinyi mwaka muzima hamukumupigia?"

Fundi akasema alidhani Zainabu binti Hamisi ni jina la mashine.

Mzee alicheka mpaka akatoa kitambaa mfukoni. Nami ndipo nikagundua kwamba tangu nikae nilikuwa nimebana mkoba kifuani kama mtoto.

Hawanishtaki. Wamenipa ufunguo wangu wa halali, yaani namba ya siri ya kuingilia mfumo wao, na maelezo ya kurasa nne kuhusu mlango ule, na wataniarifu siku saba kabla ya kugusa chochote. Wale thelathini na wanane nimewaomba radhi mmoja mmoja. Kinyongo kidogo bado ninacho: maombi yangu matatu hayakujibiwa, lakini siku walipoudhika namba yangu waliipata asubuhi ile ile. Hata hivyo nakula na nalala.

Nisalimie Mama. Msalimie shangazi Mwajuma wa nyumba ya nyuma, na mdogo wangu Salma na mumewe. Kaka Idi msomee barua hii yote, na safari hii hata ukiweka spika sijali.

Programu inaendelea kupiga hodi kila robo saa. Jina lako limeshatajwa kwenye mlango ule zaidi ya mara elfu arobaini, Baba, na halina doa.

Ni mimi binti yako,
Zainabu binti Hamisi